Mwalimu Aliyewaamkia Wadogo Zake

Utumishi wa miaka thelathini na sita wa Mwalimu Yustina Mbonde unafikia tamati tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Njinjo mwaka 1989, akapita Pande, kisha akaja kwetu, Shule ya Msingi Mikoroshoni, na sanduku la bati na jembe. Mmatumbi, alisema, hahami bila jembe. Muda wote huo amefundisha darasa la kwanza. Mara mbili aliombwa awe mwalimu mkuu, mara mbili akajibu kwamba ofisini kuna viti vingi na watoto wachache.

Taarifa zitamsifu kwa idadi ya aliowafundisha kusoma. Hizo ni sifa za karatasi. Sisi tuliokuwepo tunamkumbuka kwa salamu, tena kwa aibu.

Mwaka 2022 aliletwa Zakia, mtoto wa miaka saba mwenye usonji. Hakuwa bubu: alirudia. Ukimuuliza, "Unataka uji?" naye husema, "Unataka uji?" huku amenyoosha mkono. Alilelewa na bibi yake, Bibi Mwanahija, ambaye kila mpita njia humwamkia, naye huitikia. Kwa hiyo Zakia alijua kwamba mtu akija, husemwa "Marahaba". Siku ya kikao cha kamati ya shule, mwenyekiti, Mzee Yassin, aliingia getini, na kabla hajafungua mdomo mtoto akamwambia, "Marahaba."

"Nani kamwamkia huyu?" Mzee akafoka. "Leo tunafunzwa adabu na kitoto?"

Kamati ikampa mtoto muhula mmoja. Asipojua kusalimia, arudi nyumbani. Na isemwe wazi: walimu tulinyoosha mikono kuunga mkono, chini ya bango jipya la elimu jumuishi. Bango halijawahi kumfundisha mtu.

Mwalimu Yustina hakubishana. Aliona kosa letu: tulimpa mtoto maneno yetu, tukakasirika aliporudisha yaleyale. Basi akaacha kumuuliza, akaanza kusema maneno ya Zakia kwa niaba ya Zakia. "Nataka uji," husema, ameshika kikombe, kisha ananyamaza na kuhesabu moyoni hadi kumi. Mchana, mikorosho ikichanua na harufu yake ikiingia madirishani, wawili hao walikaa mkekani katika darasa tupu kama watu wanaoota ndoto moja. Neno lilikwenda, likazama, likakaa kimya. Pengine lilirudi baada ya siku tatu, kutoka upande wa mtungi wa maji, likiwa limekuwa la Zakia.

Salamu ndizo zilizomgharimu. Kila asubuhi alisimama getini, amemshika Zakia mkono, akimwamkia kila aingiaye kana kwamba mtoto ni yeye. Mwanamke wa miaka hamsini na saba alimpa shikamoo Mwalimu Faustino, kijana wa miaka ishirini na minne na ndevu tatu! Faustino alipitia nyuma ya vyoo wiki nzima kukwepa dhambi ile, hadi akanaswa. "Itikia, baba," Mwalimu alimwambia. "Mtoto anasikiliza." Kisimani walisema Mwalimu kazeeka vibaya. Mwandishi wa maneno haya naye aliamkiwa, akaitikia akitazama chini.

Mabibo yakaiva, yakaanguka, yakaokotwa. Wiki mbili kabla ya shule kufungwa, Mzee Yassin alikuja kumaliza shauri. Safari hii Mwalimu alisimama getini kimya. Mzee alipotaka kupita, akamwinulia kidole: angoje. Kumi ikapita, ikapita ishirini. Ndipo Zakia, macho kwenye makubazi ya mzee, akasema, "Shikamoo." Mzee aliitikia marahaba tatu mfululizo, akasahau kilichomleta.

Wapo wanaodai subira ni sifa ya wanyonge. Waje wasimame kwenye geti letu muhula mmoja, wawaamkie watu wa umri wa watoto wao, kisha tuzungumze.

Zakia sasa yuko darasa la nne. Akichoka bado hurudia, na hakuna anayekasirika. Juzi alipoambiwa Mwalimu anaondoka, hakurudia. Alikaa kimya mpaka tukadhani hakusikia, kisha akasema, "Mkeka ubaki."

Asante, Mwalimu Yustina. Nenda vilimani kwenu ukalime kwa raha; mvua ikukute umeshapanda, na goti lisikusumbue. Mkeka umebaki. Nasi wote, wakubwa kwa wadogo, tumesimama getini: shikamoo. Usiharakishe kuitikia. Tunahesabu.