Malata ya Juji

Bamama ba kikundi yetu, bandugu yangu, nimeomba kusimama sababu kuna kintu kilinikula mwaka muzima, na ni hapa kwenu nilikitua.

Munajua binti yangu, ule anatembea na fimbo. Siku moja alikuwa anatoka ku kazi, kijana mumoja akamunyanganya sakoshi yake ya mukononi, akamusukuma. Akaanguka mu mufereji, muguu ikavunjika. Ule muizi balimukamata siku ile ile, ku lopitalo kwenye balikuwa banamutunza binti. Mi sikujiuliza muizi alienda kutafuta nini ku lopitalo.

Avoka yetu, ule wa kututetea mbele ya sheria, akanituliza: wizi ya kuumiza muntu, sheria inaanzia miaka tano. Siku ya tribinali nikamutukana ule kijana mbele ya juji mpaka polisi bakanitosha inje. Nikangojea ku mulango. Wakati banatoka, avoka ananiambia: miaka mbili.

Miaka mbili! Bandugu yangu, nabaambia bila kuficha, pale pale nikasema juji amekula rushwa. Nani kati yenu hangesema vile? Siye wote tunaishi Lubumbashi.

Basi nikaanza kuchunguza. Kila asubui, mbele ya kwenda soko, napita karibu na nyumba ya juji. Siku moja naona malata mupya ya bati inangaa juu ya nyumba. Nikasema njo ile, muguu ya mutoto yangu iko kule juu. Sentineli wa kulinda nyumba ananiambia juji ni mupangaji tu, malata ni ya mwenye nyumba. Nikamushuku na sentineli. Avoka, nikamushuku. Mama ya ule muizi akivaa kikwembe mupya, mi nahesabu. Binti akachoka na ile maneno, akaenda kuishi Sakania kwa mama yake mudogo. Nyumba ikabaki na miye na hasira yangu.

Njo mama mumoja wa hapa, sitamutaja, akaniuliza kama niliisoma hukumu. Kuisoma? Mi nilisikia tu miaka. Nikaenda kuiomba kwa karani, na sababu iko mu Kifaransa, ule mama akanisomea. Iliandikwa kama binti yangu mwenyewe alimuelezea juji: ule kijana alimusikia analia, akarudia, akamubeba mu mugongo mpaka ku lopitalo, na bantu banamufuata na mawe. Sababu ya ile, juji akapunguza miaka.

Nikamuangalia ule mama. "Na weye, balikupatia ngapi?"

Hakukasirika. Akasoma tena, pole pole.

Nikapanda bisi mpaka Sakania, nikamuuliza binti sababu ya nini alinificha.

"Mama, nilianza kukuambia mara mbili. Ulisema niko natetea muizi. Mara ya tatu ungeniuliza balinilipa ngapi."

Ile swali ilikuwa tayari mu kinywa yangu. Haya ikanishika, bandugu yangu. Nikalia mbele ya mutoto, kisha tukarudia nyumbani babili.

Asante, mama uliyenisomea, na unisamehe ile neno. Asante nyiye wote mulinivumilia nikishuku mpaka kikwembe. Minabaachia hii: mbele ya kuuliza juji amekula ngapi, muulize mutoto yenu, na mumuache amalize kusema.

Ule juji, sibadanganye, bado sijamuamini sana. Lakini binti yangu iko pale nyuma na fimbo yake, na ye namuamini.