Cuenca, Mji Ambao Yaya Janvier Hakuufikia

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mimi Bagalwa, kabla sijasoma maisha ya yaya wangu, kaka yangu mkubwa Janvier, naungama mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili kwamba mwaka 2019 nilimdanganya, na uongo huo ulizaliwa na wivu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kadutu, mjini Bukavu, kifungua mimba wa mama yetu, akasoma hapo hapo hadi mwaka wa sita, akajifunza ushonaji, na tarehe 6 Agosti 1983 akafunga ndoa na Mama Ernestine, wakabarikiwa watoto wanne, kisha vita vikatutoa kwetu mwaka 1996, tukakaa kambini Tanzania mpaka tarehe 12 Februari 2013, tuliposhuka Minnesota, Marekani, kwenye theluji, tumevaa ndala.

Hapa alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huko Bloomington, zamu moja na Mzee Segundo, mtu wa Ecuador, huyu aliyeketi mstari wa mwisho karibu na mlango, na kwa Kifaransa cha huyu na Kihispania cha yule wakaelewana kuliko mimi niliyetoka naye tumbo moja. Kila Jumapili nikimrudisha kwake Coon Rapids kwa gari, habari ilikuwa Cuenca tu, mji wa kwao Segundo, kwamba ni mji mkuu wa mkoa wa Azuay, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1557, una mito minne, wanawake walikuwa wakifua kwenye mto Tomebamba na kuanika nguo kwenye majani ya ukingo, kofia zinazoitwa za Panama zinafumwa kule wala si Panama, na kanisa kuu lina kuba za bluu lakini minara yake ni mifupi, kwa sababu fundi alikosea hesabu, wakaogopa msingi usingebeba. Nikamwambia Bukavu nayo ni mji mkuu wa mkoa, tena ina ziwa zima, si mito ya kuhesabu, akacheka sana, “Kadogo, wivu wako unanuka kuliko samaki wa chumvi, makayabu!”

Na kweli ulinuka. Segundo alipomwalika waende wote Cuenca, mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria kliniki, daktari akasema anaweza kwenda, milima apande polepole tu, mimi nikamgeuzia yaya kwamba daktari amekataa, mji uko juu mno, moyo utasimama. Hakwenda, na alinishukuru kwa kumtunza.

Moyo ulianza kumsumbua kweli Mei 2024, akalazwa mara tatu, Segundo akileta supu kila Jumamosi, nami nikimwambia mgonjwa amelala, hata kama yuko macho, mpaka Bwana alipomchukua Jumapili asubuhi, tarehe 9 Novemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Coon Rapids waliotuondolea theluji mlangoni, na wenzake wa kazini waliokuja na sare zao. Yaya, pumzika kwa amani ya Bwana, na unisamehe.

Sasa Uwimana, binti yangu, nenda pale mlangoni, umtafsirie Mzee Segundo kwa Kihispania yote niliyosoma, neno kwa neno, usipunguze, kisha umlete mbele akae kwenye kiti changu.