Mikono ya Fundi Vioo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu, wauguzi wetu, ndugu wagonjwa mnaohitimu leo mafunzo ya kliniki ya moyo, na ninyi jamaa mliowasindikiza hadi leo: nawasalimu kwa heshima zote. Nimepewa dakika chache niseme kwa niaba ya familia, na mume wangu, aliyekaa pale mbele akijifanya hanijui, anafahamu vizuri kwamba mimi na dakika chache hatujawahi kupatana.

Mume wangu ni fundi vioo. Miaka yote ya ndoa yetu nimemwona akipandisha vioo vya madirisha kwenye ngazi za maghorofa, vingine virefu kumzidi, na wenzake wakimpisha bila neno, maana mikono yake haikujua kutetemeka. Kisha moyo ukamwangusha kazini. Madaktari wa hapa wakamzibua mshipa, wakamrudisha nyumbani, nasi tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha.

Yalikuwa yamekwisha? Ni mtu gani aliyepona, anayeshinda kitandani amejishika kifundo cha mkono, akisikiliza mapigo yake? Aliacha kutembea, asije akauchosha moyo. Chakula akawa anakigusagusa tu. Halafu dawa zenyewe akaanza kuziruka, na nilipomuuliza akanijibu, "Za nini, mama watoto? Mimi si nimeshakwisha?" Ndugu wakasema ni uzee. Jirani akasema anadeka. Mimi niliogopa, jamani, niliogopa mno.

Ni katika kliniki hii tulipofundishwa kwamba wasiwasi na sonona si mambo ya pembeni kwa mgonjwa wa moyo. Hofu isiyopumzika huuelemea moyo. Huzuni nzito humnyang'anya mtu usingizi, hamu ya kutembea, hata nia ya kumeza vidonge. Na moyo ukiugua, nao huzaa hofu na huzuni hizo hizo. Kumbe tulikuwa tunamtibu nusu.

Muuguzi wa ushauri, dada yetu usiye na papara, nakusifu mbele ya wakubwa zako. Sisi sote tulimuuliza mzee, "Unaumwa wapi?" Wewe ulimuuliza, "Unaogopa nini?" Nilitaka kumjibia, ukanizuia kwa jicho. Ndipo akasema, "Naogopa kufa nikiwa nimembeba mjukuu wangu."

Binti yangu, uliyekaa nyuma karibu na mlango na mtoto mapajani, hilo hukulisikia, kwa sababu ulikuwa umeshaacha kuja kwetu. Ulimletea baba yako mwanao wa kwanza, naye akaficha mikono chini ya shuka. Uliondoka unalia, ukisema baba hamtaki mtoto wako. Mwanangu, alikuwa anamkinga, asije akaanguka naye. Ameniomba niyaseme mimi, na iliniuma sana kuyajua peke yangu.

Basi mlete. Madaktari wamempima, wamesema nguvu anazo. Na wewe, mume wangu, kaa vizuri, unyooshe mikono. Moyo utadunda, najua. Uache udunde, mimi nipo hapa hapa.

Waheshimiwa, nimefika mwisho, na shukrani zetu kwenu hazina kipimo. Ila makofi naomba tuyaache kwanza. Mtoto amelala mikononi mwa babu yake.