Mita Tatu za Odilia

Sogeeni karibu, Wilberth, na wewe Yorleny, na hiyo ramani ya nyumba mpya ileteni hapa kitandani, maana tangu asubuhi nawasikia mkibishana barazani na sitaki kuondoka kabla sijasema langu. Kiwanja hiki ni chenu wote wawili, na mibuni ya nyuma ni ya Yorleny, kwa kuwa ndiye aliyeipalilia miaka yote uliyokuwa San José, Wilberth, na usinune. Ila naambiwa umeichora nyumba mpaka kwenye uzio wa Odilia. Usinijibu, mwanangu, pumzi yenyewe ninayo kidogo.

Mimi na baba yenu Efraín tulipohamia hapa Turrialba, mteremko huu wote ulikuwa na nyumba moja tu, ya Odilia, na dirisha lake la kushonea lilitazama ua wetu. Asubuhi, ukungu haujapanda mlimani, nilimpitishia tortilla za mahindi za moto pale dirishani, naye akanipa kikombe cha maji ya sukari guru, tukacheka mpaka waume zetu wakatuita wavivu. Gauni lako la komunyo ya kwanza, Yorleny, lilishonewa pale pale, umesimamishwa juu ya kikapu cha kahawa unalia pini zinakuchoma, na Odilia anakwambia, "Lia polepole, bibi harusi, utanilowesha kitambaa!" Ningerudishiwa siku moja tu ya maisha yangu, ningeomba ile.

Kisha nikataka jiko kubwa. Mtu wa manispaa akaja na futi yake, akapima, akapiga kigingi. "Mama, ukuta usivuke hapa. Jirani ana dirisha, acha mita tatu kutoka mpakani." Baba yenu alikubali. Aliyeking'oa kile kigingi ni mimi. Miaka yote mmesikia watu wakimlaumu yeye, naye akanyamaza kwa kunipenda, akafa na lawama yangu. Jumapili moja Odilia akiwa kanisani, mafundi wakapandisha matofali mpaka mpakani kabisa. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu, "Shoga, umeniziba jua. Sasa nitashonaje?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Si una umeme? Washa taa."

Hakuniita shoga tena. Alihamishia cherehani barazani, na mvua ikipiga upande, mnajua mvua ya hapa, aliifunika nailoni akakaa kungoja. Miaka thelathini na mmoja nimepika katika jiko lile huku nikimsikia akishona, akinyamaza, akishona, na sikuwahi kuvuka hatua zile chache kumwomba radhi. Baba yenu alipofariki, Odilia alileta tamale zake za unga wa mahindi, akazikabidhi getini, akarudi kwake.

Basi sikilizeni. Nyumba yenu jengeni, ya ghorofa mkitaka, lakini rudini nyuma mita tatu kamili. Msiweke tangi pale, wala gari, wala kuni. Msifanye hivyo kwa kuwaogopa wakaguzi, maana hao mimi niliwahadaa na hawakurudi. Fanyeni kwa sababu kuna mtu upande wa pili. Chumba kikipungua, Wilberth, kipungue. Mtakaa mkibanana kama tulivyobanana sisi, na hatukufa.

Yorleny, nipe maji... Inatosha. Nenda kwa Odilia, mwambie ni mimi, Herminia, niliyeng'oa kigingi, si Efraín. Akitaka kuja, aje. Asipotaka, msimlazimishe, ana haki yake.

Bikira wa Malaika awafunike, wanangu, awape watoto wasiogombania ukuta. Pendaneni... hata mkikasirikiana, salimianeni.

Na wewe Wilberth, usisubiri mazishi. Chukua nyundo, uanze na ule ukuta wa jiko, sasa hivi, mchana huu. Nataka nisikie... nataka nisikie ukianguka.