Bi Ummu Jeilani Madi, Aliyelijibu Swali Mbele ya Watu

Aliyetupa ndiye aliyetwaa, na kwa yote mawili twamshukuru. Wasifu huu umetungwa na jamaa za marehemu na unasomwa na mdogo wake, Bwana Abdulwahid Jeilani, katika hitima yake hapa Siyu, leo Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025. Unasomwa kwa watu wa mji waliomjua tangu akicheza vichochoroni, na kwa wageni waliovuka maji kuja kumlilia, ambao wao wamjua kwa jina moja tu, Mwalimu.

Marehemu alizaliwa papa hapa Siyu, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, akiwa kifungua mimba wa Bwana Jeilani Madi na Bi Nana. Babake alikuwa mtu wa minazi na mtu wa nasaba. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, na katika mji mdogo kama huu kila mtu alijua nani mjukuu wa nani, na babu ya nani alimlimia babu ya nani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtoto alijifunza kwa kutazama tu nani huketi juu barazani na nani husimama akajibu salamu kwa mbali.

Alisoma Kurani kwa shangazi yake, akahitimu mapema, na mwaka wa 1976 akaanza shule ya msingi hapa hapa. Siku hizo palikuwa na mwalimu mgeni aliyewavisha watoto kibao shingoni kila walipotamka maneno ya kwao. Ummu alivishwa kwa kusema "ndia" badala ya "njia". Akarudi nacho nyumbani analia. Mamake akakitazama kile kibao, akamuuliza, "Kwani hapo ulipopita kuya nyumbani ni wapi? Kama jina lake ni kosa, umepita wapi?" Ummu alicheka mpaka machozi yakakauka, na usiku ule alilala na kibao shingoni, akakataa kukivua. Kwa hadithi hiyo alianza somo lake la kwanza kila mwaka, miaka yote aliyofundisha chuo kikuu.

Sekondari alisoma Mombasa, shule ya bweni, kuanzia 1983 hadi alipomaliza kidato cha sita mwaka wa 1988. Mamake aliuza bangili zake za dhahabu kimya kimya ili aende. Mwaka wa 1990 aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea historia na ualimu. Babake hakupinga. Alisema tu kwamba historia mwanawe angeipata barazani bila nauli.

Januari 1994 alirudi Lamu kufundisha sekondari ya wasichana, na huko ndiko alikokutana na Bwana Husni Wazir wa Pate, mwalimu wa hisabati, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mababu zake Bwana Husni waliletwa visiwani zamani, wakalimishwa mashamba ya watu. Hilo lilikuwa la kale, lakini jina walilopewa halikufutika. Aliposhikana neno na Ummu na kutuma wazee kuposa, Bwana Jeilani hakuwakaribisha ndani. Aliwaambia pale pale mlangoni kwamba binti yake haolewi na mjukuu wa mtumwa. Wazee wa watu wakageuka, wakarudi Pate kwa miguu katika jua la adhuhuri.

Bi Nana hakugombana na mumewe. Alimngoja. Kila posa nyingine iliyokuja Ummu aliikataa kwa adabu, na kila alipokataa Bi Nana alimwambia mumewe kwamba binti ameshachagua. Mwishowe Bwana Jeilani alichoka. Nikaha ilifungwa tarehe 5 Aprili 1997, naye akaozesha kama sheria itakavyo. Lakini hakupata kula sinia moja na mkwewe. Kila Bwana Husni alipokuja Siyu, chakula chake kililetwa peke yake, kwa sahani nzuri, na ikasemwa ni heshima ya mgeni. Alikuwa mgeni kwa miaka kumi na tisa. Mola aliwajaalia watoto wawili, Swafwan na Rumaisa, ambao walikula na babu yao sinia moja bila kujua kwa nini baba yao yuko chumba cha pili.

Marehemu aliendelea na masomo mpaka akapata shahada ya uzamifu, na mwaka wa 2004 akaajiriwa kufundisha historia katika kampasi ya chuo kikuu kimoja huko bara. Huko alijulikana kwa mambo mawili. Alivua viatu mlangoni mwa kila ukumbi aliofundisha, kama aingiaye nyumba ya watu, kisha akavisahau, na wanafunzi wakawa wanamletea ofisini vikiwa havilingani. La pili ni Wiki ya Kufumbua Macho.

Wiki hiyo aliianzisha mwaka wa 2015, na sababu yake alikuwa msichana wa kisiwa jirani cha Ndau aitwaye Aaliya. Mambo ya usalama yalikuwa yamechafuka nchini, na walinzi wa lango la kampasi wakaagizwa wawakague sana wanafunzi wa Lamu na wa kaskazini. Wenzao walipita kwa kuonyesha kadi. Aaliya aliwekwa kando kila asubuhi, akaulizwa vyeti vya babu yake. Siku moja alimjia Mwalimu na begi lake, kuaga. Alisema hawezi tena kuthibitisha kila siku kwamba yeye ni mtu wa nchi hii.

Mwalimu alimtaka angoje kidogo. Pamoja na mwenzake wa idara, Dkt. Jepchirchir, walipanga mihadhara, maonyesho ya picha na midahalo ya wazi ya kuonyesha jinsi ukoloni ulivyowapanga watu kwa rangi na kwa asili, huyu mwenyeji, yule mgeni, huyu alipe kodi hii, yule akae mtaa ule. Walitaka kila mmoja aone kwamba swali linaloulizwa langoni lilitungwa na mtu mwingine, zamani, kwa faida yake. Ukumbi ulijaa. Wakuu wa kampasi hawakufurahi, na naibu mmoja wa mkuu alisema waziwazi kwamba mambo hayo yanawagawa wanafunzi, na kwamba mwaka wa pili huenda yakasimamishwa.

Mwaka wa pili, Machi 2016, katikati ya mdahalo, alisimama mwenyekiti wa wanafunzi, kijana Kiptoo. Hakuwa mtu mbaya, lakini siku hiyo alikuja kumnasa.

"Mwalimu," alisema, "umetueleza ya wakoloni. Huko kwenu Lamu, hakuna watu wanaoitwa watumwa mpaka leo?"

Wanafunzi wa Lamu waliinamisha vichwa. Mwalimu angeweza kusema kwamba hayo ni ya kale, au kwamba si mada ya leo. Dkt. Jepchirchir, aliyekaa karibu naye, asimulia kwamba alimwona akishika ukingo wa meza.

"Wako," alijibu. "Mume wangu aliitwa hivyo, mlangoni kwa babangu. Babangu hakuletewa neno hilo na Mzungu. Twalikuwa nalo sisi wenyewe, na mimi nimelinyamazia kwa sababu nampenda babangu. Tukimtaka mlinzi wa lango aache kuuliza babu ya mtu ni nani, na sisi tuache."

Kuna aliyerekodi maneno hayo kwa simu. Kabla ya Ijumaa yalikuwa yamefika Amu, yaani Lamu mjini, na kutoka Amu yakafika Siyu. Watu wengine walimsifu. Wengi walisema amemvua babake nguo mbele ya watu wa bara. Binamu zake walipiga simu kumlaumu. Kisha akapiga Abdulwahid, akamwambia maneno machache tu: baba amesikia, na anawaita wote wawili, yeye na mumewe.

Walisafiri Jumapili. Walivuka kutoka Amu hadi Pate, kisha wakashika njia ya miguu mpaka Siyu. Bwana Husni alijaribu kumchekesha, akamwambia kama ni kufukuzwa, yeye mlango ule ameshauzoea. Hakucheka. Aliogopa laana ya mzazi, na baadaye alisema kwamba katika maisha yake hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoiogopa baraza ile aliyokulia.

Bwana Jeilani alikuwa amekaa, macho yake yamekwisha kufifia. Alimwita binti yake akae karibu. Akamuuliza kama ni kweli alisema. Akajibu ni kweli. Mzee akasema polepole, "Umri wangu wote nikiogopa watu wasinene. Sasa yamenenwa, na nti haikupasuka." Akageuza uso upande aliposikia pumzi za mkwewe. "Husni, ndoo hapa, ukae nami. Bi Nana, leta sinia."

Ilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bi Nana hukumbuka kwamba mumewe alimmegea mkwewe mnofu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kupapasa, na kwamba Ummu hakuweza kula kwa kilio. Alikuwa analia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani akaona shingo inaweza kugeuka. Mzee na mkwewe walikula pamoja kila walipokutana, mpaka Mola alipomchukua mzee mwaka wa 2019, na aliyemwosha ni Bwana Husni.

Huko kampasi nako Mungu alileta faraja kwa mlango usiotarajiwa. Kiptoo alikwenda ofisini kwa Mwalimu kuomba radhi, akaambiwa swali zuri haliombewi radhi. Asubuhi iliyofuata yeye na wenzake, vijana wa kila upande wa nchi, walipanga foleni langoni nyuma ya Aaliya, wakakataa kupita kwa kadi. Kila mmoja alidai aulizwe habari za babu yake. Walinzi waliuliza mpaka wakachoka, foleni ikafika barabara kuu, na wahadhiri wakabaki nje na magari yao. Siku ya tatu amri ile iliondolewa. Mlinzi mmoja, mtu mzima, alimwambia Aaliya kwamba yeye naye amepata nafuu, maana hakupenda kazi ile hata siku moja. Na Wiki haikusimamishwa.

Mwaka wa 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo. Alitibiwa Mombasa, kisha Nairobi, na mwanzoni mwa mwaka huu aliomba arudi nyumbani kwa mamake. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni hofu kwamba akiondoka, Wiki itafungwa naye. Mwezi wa Juni Dkt. Jepchirchir na Aaliya, ambaye sasa ni mhadhiri, walikuja hapa Siyu kumpa habari: Wiki ya Kufumbua Macho imeingizwa katika kalenda ya kampasi kwa kudumu, na Aaliya ndiye msimamizi. Akauliza mara mbili kama ni hakika. Kisha akasema, "Basi niacheni nilale," akalala mpaka alasiri, na Bi Nana akawakataza watu kupita karibu na chumba.

Alifariki Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, baada ya alfajiri, bila kuhangaika, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Jeneza lilibebwa na binamu zake wa Siyu na mashemeji zake wa Pate, wakipokezana njia nzima, na kaburini walishuka Swafwan, Abdulwahid na kaka wa mumewe, bega kwa bega. Watu wazima waliokuwapo wasema hawajapata kuona nyumba hizo mbili katika kaburi moja.

Ameacha mama mzazi, Bi Nana. Mume, Bwana Husni Wazir. Watoto, Swafwan na Rumaisa. Mjukuu mmoja, Umi. Ndugu yake Abdulwahid. Na wanafunzi ambao ni wengi kuliko jamaa.

Bi Nana ameomba wasifu huu umalizike kwa maneno yake. Asema binti yake aliishi na jambo moja zito kifuani na hakwenda nalo kaburini, na kwa hilo moyo wake mama umetulia. Mola amsamehe alipoteleza, ampanulie alipolala, naye apumzike kwa amani kama alivyotuacha nayo. Amin.