Sanduku Tupu la Onesmo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao za behewa, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la nguo hapa Shinyanga mjini, mkabala na linaposimama basi la Kahama. Mimi ni fundi baiskeli, naziba pancha pale pale pembeni, kwa hiyo najihesabu mwenyeji. Wakaaji ni wale wale kila asubuhi. Yuko Gregory, tunayemwita Bama kwa kuwa alikwenda vita vya Bama, kule Burma kwa Mjapani, na mpaka leo hajarudi, maana kila neno lake linaanzia huko. Yuko Donatus, karani wa kinu cha pamba, tunayemwita Mizani; msimu wa pamba ukiisha hana cha kupima isipokuwa maneno yetu. Na yuko Bi Mwamvua, mtu wa Tabora, muuza kahawa, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba, mwaka hamsini na mbili. Duka nyuma yetu lilikuwa limefurika tangu alfajiri. Watu walivutana mashati, watoto walilia, na mwenye duka alikuwa amepanda juu ya kiti ili aonekane. Sisi tulikuwa tunakunywa kahawa.

Akatokea Onesmo, kijana wa Ushirombo anayefanya kazi kwenye machimbo ya almasi upande wa Songwa. Kila akipita mjini hukaa nasi. Alikuwa na sanduku la bati begani, jipya, lenye maua mekundu kifunikoni. Akatuamkia, tukaitikia, akaliweka chini. Lilipogusa ardhi likalia kama debe.

Bama: Hilo sanduku tupu.

Onesmo: Tupu.

Mizani: Umeibiwa! Nilijua. Desemba hii wezi wamehamia barabara ya Songwa.

Onesmo: Sijaibiwa. Nakwenda nyumbani Noeli, na sipeleki kitu. Nimechoka.

Bi Mwamvua akasimamisha birika hewani. Mzaliwa wa Ushirombo anayetoka machimboni kwenda nyumbani Noeli bila kitu ni jambo la kusikia ukiwa umeketi, kwa hiyo sote tulisogea kidogo tukampa nafasi.

Desturi ya huko kwao twaijua. Mtu wa machimbo akifika, sanduku huwekwa katikati ya uwanja. Halifunguliwi mpaka ukoo wote ukusanyike, na majirani, na katekista. Mwenyewe hufungua kufuli, hutoa kitu kimoja kimoja akiita jina la mwenye kupewa, na wanawake hupiga vigelegele. Sanduku likichelewa kwisha, jina la mwenye sanduku hupanda. Likiisha mapema, watu hukohoa.

Onesmo: Mwaka juzi nilipeleka limejaa. Nikamwita baba mdogo Bujiku, nikampa kofia. Akaigeuza, akaniuliza utepe wake uko wapi. Binamu yangu Marselino alilia mbele za watu, mtu mwenye ndevu, eti shati lake mikono mifupi na la mwenzake mikono mirefu. Siku mbili nilizokaa nilikuwa nasuluhisha ugomvi wa shati. Mwaka jana sanduku lilifika nusu, nikaona aibu, sikwenda kabisa. Nikalala kambini Noeli nzima nimejifunika blanketi, nawaambia wenzangu naumwa tumbo.

Bi Mwamvua: Kwa hiyo mama yako hajakuona miaka miwili.

Onesmo: Miwili, Bi Mwamvua. Ndiyo maana mwaka huu nikasema nitakwenda mimi kama mimi.

Mizani: Sasa kama umeamua, sanduku umelibebea nini?

Onesmo akatazama duka.

Onesmo: Moyo ukinishinda, duka si lile pale? Mshahara ninao. Na basi bado.

Akatuambia kwamba hata getini ilikuwa kazi. Askari wa pale hupekua kila anayetoka, na siku zote huona mablanketi, sukari, sufuria, wanapapasapapasa wanamwachia mtu. Lake walipolifungua wakakuta hewa. Wakaitana. Wakagonga chini, wakagonga pembeni, wakakwaruza maua ya kifuniko kwa kisu, wakijua hapana budi mawe yamefichwa mahali, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayetoka na sanduku tupu Desemba. Wakamweka juani mpaka mkubwa wao alipokuja na kulinusa.

Mizani: Hao wamekuonyesha njia. Wewe nenda nalo, limefungwa kufuli. Ukifika sema ufunguo umeanguka njiani.

Onesmo: Watavunja.

Mizani: Nani avunje sanduku jipya lenye maua? Watakwenda kumtafuta mfua vyuma. Mfua vyuma naye Mkristo, amelewa Noeli. Mpaka azindukane wewe umerudi Songwa. Na vigelegele vitapigiwa kufuli.

Bama: Litakuwa jepesi, watajua. Tia mchanga. Sisi Bama tulibeba masanduku ya mchanga siku tatu msituni ili Mjapani adhani tuna risasi.

Mimi: Akadhani?

Bama: Hatukumwona. Lakini mchanga tuliufikisha.

Bi Mwamvua: Nyie mnamfundisha mtoto wa watu uongo. Onesmo, silimu. Sisi Krismasi haitupigishi mbio. Mimi hapa niko zangu na birika langu, wala simfahamu Marselino.

Mizani: Na Idi je?

Bi Mwamvua: Idi ni jambo jingine.

Mizani: Jambo jingine vipi? Si wewe uliyemnunia mumeo tangu mfungo mosi kwa sababu kanga za Idi alileta za rangi ya matope?

Bi Mwamvua: Nimesema ni jambo jingine. Unakunywa kahawa au huinywi?

Mizani akanywa. Kisha akapata wazo kubwa zaidi, na ukimjua Mizani unaliona likija, maana huanza kupapasa mfuko wa koti.

Mizani: Muhuri ninao hapa. Tunaandika tangazo. Kwa amri ya Bwana Shauri wa wilaya, kwa ajili ya maradhi ya ng'ombe, mizigo yote ya Noeli imezuiwa Kahama hadi Pasaka. Unalibandika mlangoni kwa katekista.

Mimi: Muhuri wako si unaandika "Pamba Daraja la Pili"?

Mizani: Kitakachosomwa ni duara. Nani husoma katikati?

Bama: Tangazo watalibishia. Watu wa kwao wabishi. Dawa ni moja tu: ufe.

Onesmo: Nife?

Bama: Kwa simu ya maandishi. "Onesmo amefariki." Ukishakufa, nani atakudai kofia? Watakusanyika, wataleta vyakula wao wenyewe, safari hii watoe wao. Siku ya tatu unatokea mzima. Kwa furaha hawatauliza sanduku.

Mizani: Siku ya tatu? Hiyo Pasaka, wewe. Umechanganya sikukuu.

Bama: Bama hatukuwa na kalenda.

Tulicheka, na Onesmo alicheka, lakini nilimwona akihesabu watu waliokuwa mlangoni pa duka. Wanaume watatu wa machimbo walitoka wakiwa wametota jasho, masanduku vichwani, shingo zimezama. Mmoja akamwona Onesmo, akaona sanduku, akampigia mluzi wa kumhimiza: wahi, mashati yanakwisha. Onesmo akainuka. Akakaa. Akainuka tena, akashika mkono wa sanduku. Mimi shughuli yangu ni mipira ya baiskeli na sikutaka kuingilia, lakini nilitamani akae.

Ndipo akaja mama mmoja na kapu la karanga kichwani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Akatuamkia kwa Kisukuma, akauliza kama hapa ndipo basi la Kahama husimama. Tukamwambia ndipo. Akasema anaitwa Nyamizi, ametembea kutoka Ibadakuli, na kama hatujali atakaa. Mahali palipobaki ni juu ya sanduku. Onesmo akaachia mkono wa sanduku, akalifuta vumbi, mama akakaa. Bi Mwamvua akammiminia kikombe.

Mizani akamweleza kesi yote, hakuacha hata utepe wa kofia. Mama Nyamizi alisikiliza huku akipuliza kahawa. Alipomaliza kuipuliza akamgeukia Onesmo.

Nyamizi: Ng'wanawane, mwanangu, mwaka ule lilipojaa, mayu wako alipata nini?

Onesmo: Mama?

Nyamizi: Mayu wako, aliyekuzaa.

Onesmo: Alipata... Ngoja. Baba mdogo kofia. Marselino shati, na ndugu yake shati. Shangazi Justa kanga, na shangazi mwingine kanga. Babu blanketi. Katekista kalamu ya wino. Mama...

Mizani: Kanga, bila shaka.

Onesmo: Kanga zilikuwa mbili, mashangazi wawili.

Bama: Basi sukari.

Onesmo: Sukari ilipikiwa wageni chai. Yeye ndiye aliyepika. Alikuwa anakwenda jikoni anarudi, anakwenda anarudi. Namkumbuka sauti tu. Ndiye aliyekuwa akipiga vigelegele kuliko wote.

Bama akasema, "Sisi Bama..." kisha akakosa cha kuendelezea, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu arudi mwaka arobaini na sita. Mimi nilikuwa nimeshika kiraka, gundi ikanikaukia kidoleni, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza juu ya mke wangu Limi na Noeli zote tulizokaa pamoja, nikitafuta hata moja aliyopata kitu. Niliona aibu, nasema kweli.

Nyamizi: Nimeuliza tu. Wanangu wako Geita, kwenye dhahabu. Huja na masanduku mazuri sana.

Bi Mwamvua akainamisha birika juu ya kikombe cha Bama, yakatoka machicha. Akalitikisa, akaliweka chini.

Bi Mwamvua: Kahawa imekwisha.

Basi likapiga honi. Mama Nyamizi akashukuru, Onesmo akamtwika kapu, kisha akalitwaa mwenyewe kutoka kichwani mwake, akasema atambebea. Akaelekea basi. Alipofika mlangoni Mizani ndipo akazinduka.

Mizani: Wee Onesmo! Sanduku lako!

Onesmo: Likalieni!

Mizani: Na mama yako utamwambiaje?

Onesmo: Sitamwambia. Nitamuuliza.

Basi likaondoka na vumbi lake. Bama alikuwa wa kwanza kuhama kutoka kwenye benchi kwenda kwenye sanduku, akalijaribu, akasema Bama hawakuwa na kiti kizuri hivyo. Nyuma yetu watu waliendelea kusukumana, na mwenye duka akatangaza kwamba mashati ya mikono mirefu yamekwisha.

Nilifunga kazi mapema, nikaenda nyumbani. Limi alikuwa anapembua mchele wa sikukuu, ungo magotini. Nikamuuliza mwaka jana Noeli yeye alipata nini. Akaweka ungo chini, akanitazama, kisha akanyoosha mkono akanigusa kwenye paji la uso kuona kama nina homa.