Mke Mkubwa wa Jack

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya moto, yaani pikipiki za abiria, kando ya barabara ya kwenda mpakani na Kongo: benchi moja, birika la kahawa na ubishi. Mimi wananiita Bongo kwa sababu nilikulia Tanzania, na huwa nawakasirikia wote kwa zamu. Jioni ile zamu ilikuwa ya Jack. Mmarekani huyu ameoa kwetu Gisenyi, Rwanda, anafundisha ufundi wa injini za boti huko Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Mama yake ni mgonjwa sana huko Amerika, na anachotaka ni kumwona mke wa mwanawe, Isimbi, kabla hajafa. Isimbi ameomba viza mara mbili na mara zote mbili wamemnyima. Badala ya kulia na hilo, Jack alikuwa anatuletea habari za kodi!

— Kila mwaka naelezea nchi yangu nimepata nini, alisema. Hata nikiishi hapa.

— Yewe! alishtuka Faradji, fundi cherehani tunayemwita Sentimeta. We unalala Gisenyi, unakula samaki sambaza ya Gisenyi, wao wanadai nini?

— Ni sheria. Naweza kuandika ile karatasi ya kodi peke yangu, ao niandike pamoja na Isimbi. Nikiandika naye, kodi yangu inapungua. Lakini yeye anahesabiwa mukaaji wa Amerika, na pato yote ya saluni yake inaingia mule. Na lazima asaini.

Valentin alishusha kikombe. Valentin ni deklaranti, kazi yake kuwajazia wafanyabiashara karatasi za forodha, na kwake kila kitu duniani ni mzigo. Kijiweni anaitwa Bon-Donc, kwa sababu kila neno analianza kwa Kifaransa hicho, yaani "haya, basi".

— Bon. Donc, iko rahisi. Muke wako iko transit. Kitu ya transit hailipi kodi, inapita tu.

— Inapita kwenda wapi, na viza wamemnyima? nikamuuliza.

— Bon. Donc haiko transit. Iko mu depo, inangoja.

— Shemeji yetu si gunia ya muchele! Sentimeta akaruka. Jack, siku ya ndoa pale ofisi ya sekta, ulishika bendera ya nani?

— Ya Rwanda.

— Ukanyoosha mukono, ukaapa, mukachanganya mali yote. Mi nilikuwa pale, suti yako nilishona mwenyewe. Basi sikiliza, sha. We uko na wake wawili. Amerika ni muke mukubwa, Isimbi ni muke mudogo. Na muke mukubwa hata ukimukimbia, kila mwaka atakuuliza: umepata nini, umepatia nani?

Hata mimi nilicheka. Jack hakucheka, alikuwa ameinamia kahawa yake.

— Na sasa anataka mudogo naye amuletee hesabu, alisema polepole.

— Asaini tu! Bon-Donc akapiga goti. Akisaini, kompyuta ya kodi inaambia kompyuta ya viza, ya viza inaambia ndege. Ndege inakuja yenyewe hapa Gisenyi kumuchukua.

— Itatua wapi? Sentimeta akauliza.

— Ku ziwa!

Na kweli, watu wazima na akili zetu, tukaanza kubishana kama ndege inaweza kutua Kivu. Ndipo Isimbi akatokea, ametoka saluni, mikono bado inanukia mafuta ya nywele. Wanawake hawakai benchi letu. Hakuna aliyewakataza, wana kazi za kufanya. Tulisogea wote.

— Mwiriwe, ba papa, akatusalimia. Jack, ile karatasi unataka nisaini, inasema mi ni mukaaji wa Amerika?

— Kwa kodi tu.

— Lakini mukaaji?

— Ndiyo.

— Basi nikisaini leo, kesho wataniacha niende kumuona mama?

Bon-Donc alisogeza kikombe chake, akamgeukia Jack.

— Hapana, Jack akasema. Kwa viza, we bado mugeni.

— Basi andika peke yako. Sitaki kuhesabiwa na watu wenye walinifungia mulango.

Hakuinua sauti. Iliniuma zaidi kwa sababu hakuinua sauti.

— Sawa, Jack akasema. Nitaandika peke yangu.

— Sasa nipe simu. Kule ni asubuhi.

Simu iliita, kisha mama akaonekana, kichwa kwenye mto, amekonda mno. Alipotuona tumejipanga benchi nzima alitabasamu, akainua mkono kwa shida. Tukampungia wote, Sentimeta kwa mikono miwili. Isimbi akamsalimia kwa Kiingereza alichojifunza kwa ajili yake. Mama akauliza neno moja, taratibu, Kiingereza chepesi ambacho hata sisi tulikielewa:

— Mnakuja lini?

Jack akamtazama Isimbi. Isimbi akatutazama sisi, kisha akaisogeza simu karibu, akamjibu kwa kile Kiingereza chake: wakitufungulia mlango, mama.